Nafasi Haiokotwi: Maneno kwa Vijana wa Nairobi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu wa mafunzo ya ufundi, wazazi na wazee wa mtaa katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Nairobi

Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, wazee wa mtaa, walimu wenzangu, wazazi mliofunga vibanda vyenu Gikomba na Burma ili muwe hapa asubuhi hii, na ninyi vijana ambao siku hii ni yenu: hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya namna vizazi vilivyotangulia vilivyobadilisha jamii yetu, na kile ambacho kijana anayesaka nafasi leo anaweza kukichukua kutoka kwao. Nilisita kidogo kabla ya kukubali. Nimekaa katika hotuba za aina hii tangu nikiwa na umri wenu, na nyingi zilikuwa za mtindo mmoja: mzee husimama, hutaja majina ya mashujaa, huwaambia vijana wawe na bidii na nidhamu, hupigiwa makofi, kisha huonyeshwa njia ya kwenda kwenye pilau. Kijana ambaye amezunguka mji huu kwa miezi minane na bahasha ya kaki kwapani hahitaji kuambiwa kwamba Tom Mboya alikuwa na bidii. Anachotaka kujua ni namna walivyofanya: walikutana wapi, kwa pesa za nani, na ni nani aliyeandika majina. Hayo ndiyo nitakayojaribu kuyasema, kwa sababu miaka mingi ya kufundisha historia katika shule za huku Eastlands imenifanya niamini kwamba tumewapa vijana majina ya watu na tukawanyima habari za kazi yao.

Nianze na neno lenyewe. Tunaposema nafasi tunamaanisha kazi, au masomo, au mlango wa kuanzia maisha. Lakini kabla ya hayo yote nafasi ni mahali palipo wazi. Makanga akipaza sauti kwamba ana nafasi ya mmoja, wenyeji wa Nairobi tunajua hamaanishi kwamba kuna kiti kilichokuwa kikitungoja tangu alfajiri. Anamaanisha kwamba waliokwisha kuketi watasogea. Nafasi hiyo haikuwapo mpaka watu walipobanana, tena mara nyingi kwa kunung'unika. Nimetafuta katika historia ya mji huu nafasi iliyopatikana kwa njia nyingine, na sijaiona.

Mnapotoka hapa kuelekea katikati ya mji, mkapita chuo kikuu, mtafika kwenye kituo cha polisi cha Central, karibu na barabara inayoitwa Harry Thuku. Wengi wenu mmeipita barabara hiyo mkienda kutafuta fomu. Mwaka 1921 Thuku alikuwa kijana anayefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali ya kikoloni, kazi safi ya mezani ambayo vijana wenzake wangeitamani. Mambo matatu yalikuwa yamewabana Waafrika wakati huo: kodi ya nyumba, mpango wa walowezi wa kupunguza mishahara kwa theluthi moja, na kipande, ile hati ambayo kila mwanamume wa Kiafrika aliyevuka umri wa miaka 16 alitakiwa kuivaa shingoni ndani ya kibati. Kipande kiliandikwa umefanya kazi kwa nani na kama amekuachilia, kwa hivyo aliyemkimbia mwajiri mbaya alitafutwa kama mhalifu. Fikirini, vijana, juu ya cheti cha kazi ambacho kinamlinda mwajiri peke yake.

Thuku na wenzake waliunda chama, na chama hicho hakikubaki cha kabila moja. Kikaitwa East African Association, nacho kikawa na marafiki Wahindi na Waganda waliokuwa wakiishi Nairobi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, na wazee waliokwenda kuzungumza na serikali waliporudi na ahadi tupu, wanaume wakaanza kutawanyika. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama, akainua vazi lake na kuwaambia wanaume wachukue nguo yake wampe suruali zao, kwa kuwa wao ni waoga. Umati ulirudi. Askari walifyatua risasi, na watu wasiopungua 21 walikufa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Barabara ilipewa jina la Thuku. Nyanjiru, kwa muda mrefu sana, hakupewa hata uchochoro.

Nitasema pia jambo ambalo wasemaji wa sherehe hulipita kimya. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, akarudi mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa mtu mwingine, na wakati wa Mau Mau alisimama kinyume cha wapiganaji. Silisemi hili ili kumvunjia heshima. Nalisema kwa sababu kijana akifundishwa kwamba mabadiliko huletwa na watu wasiotetereka, siku atakayotetereka yeye mwenyewe atadhani kwamba hafai. Kilichodumu ni kile kilichobaki baada ya Thuku kuondoka: mazoea ya watu kukutana, kuchanga na kuandika barua ya malalamiko yenye majina chini.

Sasa tazameni mahali tulipo. Mtaa huu wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940, na katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama katika mkutano wa hadhara na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Makhan Singh alikuwa Kalasinga, mtoto wa mtu mwenye kiwanda cha uchapaji, aliyeanza kupanga wafanyakazi mwaka 1935 na kusisitiza kwamba chama cha wafanyakazi kiwe cha watu wa rangi zote wakati ambapo hata vyoo vya mji huu vilitengwa kwa rangi. Rafiki yake katika kazi hiyo alikuwa Fred Kubai. Chini ya mwezi mmoja baada ya hotuba ile, tarehe 15 Mei, wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Huwa nikija hapa kwa harusi au kwa mikutano ya mtaa naangalia dari hili na kujiuliza wale waliokuwa wameketi kwenye viti vya nyuma siku hiyo walikuwa wakifikiria nini. Nadhani wengi walikuwa wakifikiria kodi ya mwezi.

Mboya nimemtaja, na siwezi kumwacha, ingawa nitamzungumzia kwa upande ambao hausemwi mara nyingi. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako babake alikuwa akifanya kazi. Alisomea kazi ya ukaguzi wa afya pale Jeanes School, Kabete, kisha akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Siku moja akiwa peke yake katika maabara, mama mmoja wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akaangaza huku na huku, akauliza kama hakuna mtu pale. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Wapo kati yenu waliofika kwenye meza ya mapokezi wakiwa na vyeti vyote, karani akaendelea kutazama simu yake kana kwamba ni upepo umefungua mlango. Mnajua hisia hiyo. Jambo la kujifunza ni alilolifanya baadaye: hakuishia kukasirika, bali aliwakusanya wafanyakazi wenzake wa baraza, wafagiaji na makarani pamoja, wakawa chama, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho zima la wafanyakazi wa Kenya. Mwaka uliofuata serikali iliwazoa maelfu ya watu Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil, vyama vya kisiasa vikiwa vimepigwa marufuku, na ofisi ya shirikisho hilo ikabaki kuwa moja ya milango michache ambako Mwafrika wa mji huu angeweza kupeleka malalamiko yake.

Kisha zikaja safari za ndege. Katika miaka ya 1950 Kenya haikuwa na chuo kinachotoa digrii zake chenyewe. Makerere ilikuwa na viti vichache kwa Afrika Mashariki nzima, na aliyekosa kiti hicho, hata awe na alama nzuri kiasi gani, alirudi nyumbani au akawa karani. Mboya na wenzake, akiwemo Dakta Gikonyo Kiano, walianza kuandikiana na vyuo vya Marekani. Vyuo vilikubali kutoa masomo ya bure kwa wanafunzi. Kikwazo kikawa nauli. Wamarekani weusi mashuhuri, kama mchezaji Jackie Robinson na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia saini barua za kuomba michango, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka 1960, serikali ya Marekani ilipokataa kugharamia ndege zilizofuata, Mboya alimwendea John Kennedy, aliyekuwa bado seneta, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Hadi kufikia mwaka 1963 takriban vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa mpango huo.

Hiyo ndiyo hadithi inayojulikana, na ni ya kweli. Lakini kuna nusu yake iliyobaki vijijini. Kijana aliyepata kiti kwenye ndege alihitaji koti, viatu, sanduku, na pesa za kuanzia katika nchi ya baridi asikojua mtu. Pesa hizo zilitoka kwenye karamu za chai zilizoandaliwa chini ya miti, ambako mama alitoa shilingi mbili za mayai, mzee akauza mbuzi, na kanisa likapitisha kapu mara ya pili. Waliochanga wengi hawakuwa na mtoto katika ndege hiyo. Ndiyo maana waliporudi, watu hao waliosoma mbali hawakuweza kusema walifika walipofika kwa akili zao tu, ingawa, nikiri, wapo waliosema hivyo, na wakajenga kuta ndefu kuzunguka nyumba zao ili wasiulizwe.

Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Ihithe, Nyeri, aliyekwenda kusoma sayansi Kansas na kisha Pittsburgh. Mnamjua: Wangari Maathai. Nitamrudia.

Kwanza mniruhusu niseme habari za nyanya yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha haya yote kabla sijasoma kitabu chochote, na yeye hajaandikwa popote isipokuwa katika daftari ambalo nimelileta hapa leo. Nyanya alikuwa mkulima huko Murang'a. Katika miaka ya 1960 nyumba nyingi za kwao zilikuwa za nyasi, na nyasi zina taabu zake: huvuja, huungua, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye nyasi hayafai kunywewa, kwa hivyo mwanamke hana budi kushuka bondeni na mtungi hata siku ambayo mvua inanyesha juu ya kichwa chake. Wanawake waliamua kuezeka mabati. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kununua mabati ya nyumba nzima, na waume wengi walikuwa mjini, au walikuwa wametoka kizuizini bila kitu. Wakaunda chama. Vyama kama hivyo vilikuwa vingi, na watu waliviita vyama vya mabati.

Mpango wao ulikuwa hivi. Kikundi cha wanawake wapatao 20 kilijiuza kama kibarua mmoja mkubwa: walikwenda pamoja kupalilia kahawa ya mtu mwenye shamba, wakalipwa kwa pamoja, na malipo hayo hayakugawanywa. Yaliingia kwenye mfuko. Mfuko ukijaa, walinunua mabati ya nyumba moja, wakaezeka nyumba hiyo siku moja kwa nyimbo na uji, kisha wakaanza upya kwa ajili ya nyumba ya pili. Aliyeezekewa kwanza aliendelea kupalilia kahawa kwa miaka kadhaa akiwaezekea wengine. Swali ambalo mwanauchumi angeuliza ni lile lile lililowatia hofu hata wao: ni nini kitakachomzuia wa kwanza asitoroke? Jibu lao lilikuwa daftari.

Hawakujua kuandika. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa nikiishi na nyanya, basi nikafanywa karani. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, na ilikuwa na mshahara wa kikombe cha uji. Kila Jumapili jioni niliketi katikati yao nikaandika jina, siku alizofanya kazi, na sababu ya kukosa. Mwanamke aliyekosa alijieleza mbele ya wote, na sababu yake niliiandika kama alivyoisema: mtoto ana surua; nimefiwa; mume amerudi. Hilo la mwisho liliwafanya wacheke, nami sikuelewa kwa nini. Kila mmoja alitia dole gumba kando ya jina lake kwa wino niliouchovya kwenye kitambaa. Mama mmoja alipougua karibu msimu mzima, wenzake walibishana kwa muda mrefu, kisha nyanya akaniambia niandike kwenye mstari wake neno moja: amelipiwa. Wenzake walikuwa wamefanya siku zake. Mwaka uliofuata aliezekewa kama wengine, kwa zamu yake, bila kusogezwa hata mstari mmoja.

Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka katika kikundi hicho hicho, baada ya mabati kwisha. Nilisoma katika shule ya harambee. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee, yaani zile ambazo wananchi walijenga wenyewe, zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Kusema kweli, nyingi zilikuwa dhaifu. Yetu haikuwa na maabara, na kemia tuliijifunza kwa kuchora chupa ubaoni. Lakini zilifungua mlango kwa watoto ambao hesabu za serikali zilikuwa zimekwisha kuwaacha nje, nami ni mmoja wao.

Sitaki mniulize baadaye kwa nini nimewasifu wazee bila kuwasema. Harambee hiyo hiyo iliharibika tukiiona. Ilifika mahali ikawa jukwaa la wanasiasa kutangaza mamilioni ambayo hawakueleza yametoka wapi, na mama mwenye shilingi 20 akaona haya kusimama. Mashamba yaliyopiganiwa na wengi yaligawanywa kwa wachache. Waliopanda ngazi ya ndege, baadhi yao, waliivuta ngazi juu. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikitafuta uhamisho kwenda shule ya karibu na mamangu mgonjwa, nilikaa katika ofisi moja siku tatu mfululizo, na siku ya tatu afisa akaniambia kwa upole kabisa kwamba faili yangu ina kiu. Sikuwa na chai ya kulipa. Niliondoka nikiwa na hasira, na kwa kweli hasira hiyo sijaimaliza. Kwa hivyo kijana anaponiambia kwamba kizazi chetu kimewafungia mlango, simkatizi. Namwomba tu asituweke sote katika kapu moja, kwa maana waliovuta ngazi hawakuwa wengi kama waliobaki chini wakiishikilia.

Wangari Maathai alikuwa mmoja wa walioishikilia. Alirudi, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata digrii ya uzamifu, mwaka 1971, hapa Nairobi. Angeweza kukaa hapo. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Watu hukumbuka tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi huwaambia wanafunzi wangu watazame namna kazi ilivyopangwa. Wanawake wa vijijini waliotesha miche walilipwa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche, lakini si kwa mche uliopandwa: kwa mche uliothibitishwa kuwa bado uko hai baada ya muda. Ilibidi mtu aende akahesabu, aandike, arudi tena. Miti zaidi ya milioni 30 ilipatikana kwa kuhesabiwa namna hiyo. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa kuwa niliona daftari la nyanya.

Na alipofika mahali pa kusema hapana, alisema. Mwaka 1989 alipinga jengo la orofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, wakubwa wakamtukana bungeni, na jengo halikujengwa. Tarehe 28 Februari 1992 alikaa katika kona ya bustani hiyo pamoja na kina mama ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na gesi, na baadhi ya kina mama hao, watu wazima, wakavua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa watoto wao. Kutoka mahali pale hadi kituo alichouawa Nyanjiru ni mwendo wa kutembea kwa miguu tu, na kati ya siku hizo mbili ni miaka 70. Kina mama walihamia katika kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa watoto wao walipoachiliwa.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayana sanamu hata moja, nitayapitia haraka kwa sababu mnayaishi kila siku. Matatu zilikuwa biashara ya kujificha mpaka serikali ilipozikubali mwaka 1973. Kabla ya hapo wenye magari makuukuu walikuwa wakikimbizana na polisi kwa senti thelathini za nauli, ambazo ndizo zilizozipa jina. Mafundi waliokuwa wakifua masanduku na majiko chini ya jua la Kamukunji walihesabiwa kama watu wasio na kazi, mpaka ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya iliposema wazi kwamba hao ni wafanyakazi na kwamba uchumi wa mji unawategemea. Jina la jua kali wakaligeuza kuwa sifa. Ninyi mnaohitimu leo katika useremala, umeme na uchomeleaji mnapata vyeti vya kazi ambazo waliozifanya kabla yenu walifukuzwa nazo barabarani.

Na sasa juu yenu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na watu watatu kati ya kila wanne walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Katiba tuliyoipata mwaka 2010, ambayo kuipigania kulianza kwa virungu hapa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 na hata kabla ya hapo, inasema katika kifungu cha 55 kwamba serikali ina wajibu wa kuhakikisha vijana wanapata elimu na mafunzo, wanashiriki katika uongozi, na wanapata ajira. Upo pia utaratibu unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nimewauliza vijana wa mtaa huu ni wangapi wamewahi kujaribu kuomba zabuni hiyo, na sababu niliyoipata mara nyingi haikuwa rushwa, ingawa rushwa ipo. Ilikuwa kwamba kikundi kimevunjika kabla hakijasajiliwa, kwa kuwa mweka hazina hakuandika, au aliandika kwenye simu na simu ikaibwa, na kila mtu akaanza kumshuku mwenzake.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaza barabara za Nairobi kupinga mswada wa fedha. Wengi walikuwa na umri wenu, hawakuwa na kiongozi mmoja, walielezana vifungu vya mswada huo kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama kwenye simu zao, na ukaondolewa. Wengine hawakurudi nyumbani, na wapo wazazi katika mji huu ambao hadi leo hawawezi kusikia mwezi huo ukitajwa. Sina maneno ya kuwapa wazazi hao. Kwa vijana nitasema tu kile ambacho ningemwambia mwanangu: barabara ile mliyokuwa mkipita ilikanyagwa mwaka 1922, mwaka 1950 na mwaka 1992, na kila mara kilichofanya sauti isipotee moshi ulipotulia kilikuwa kikundi kidogo kilichobaki kikikutana, kikichangisha kwa ajili ya wakili, kikiandika majina ya waliokamatwa. Mlifanya hivyo pia. Niliwaona vijana wakikaa nje ya vituo vya polisi na orodha mikononi, na mimi nikamkumbuka nyanya na wino wake.

Kuna kijana aliniuliza wiki iliyopita, tulipokuwa tukipanga viti hivi, kama si rahisi zaidi kila mtu ajitafutie. Nilimjibu kwamba ni rahisi zaidi, na kwamba mimi pia nimejitafutia mambo mengi maishani peke yangu, na mengine nikayapata. Lakini sijawahi kuezeka nyumba peke yangu. Pia sikumficha kwamba chama kina gharama: utamvumilia mwenzako mvivu, utamsikiliza anayependa kuongea, utangoja zamu yako huku mvua ikikunyeshea wakati jirani tayari yuko chini ya bati. Nyanya aliezekewa wa 17. Alingoja zaidi ya miaka minne, na aliyekuwa akiandika zamu ni mjukuu wake. Nilipomwuliza kwa nini nisimsogeze mbele kidogo, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, alininyang'anya kalamu, na Jumapili hiyo sikupewa uji.

Wahitimu mmeanzisha chama chenu cha kununua vifaa vya kazi kwa zamu, na mwenyekiti wenu ameniomba nitangaze kwamba kikao cha kwanza ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi katika chumba kile cha nyuma. Nimeambiwa mnataka kuanza na mashine ya kuchomelea. Mimi nitakuja kama msikilizaji, na sitashika kalamu.

Daftari la mabati litabaki hapa mezani mpaka mwisho wa chakula. Lishikeni taratibu, kwa maana kurasa za katikati zililowa mwaka ambao nyumba yetu ilikuwa bado ya nyasi. Na wazazi mliotoka pande za Murang'a, nawaomba mlipitie: kuna mwanachama mmoja, wa sita kutoka juu, ambaye nilimwandika Mama Kamau tu kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita, na dole gumba lake liko pale mara nyingi kuliko la mtu mwingine yeyote. Jina lake halisi sikuwahi kuliuliza. Ikiwa yupo hapa anayelijua, naomba aniandikie kando ya mstari huo kabla hajaondoka.